Muchanga, Apana Haraka

Mama,

Amani iwe juu yako hapo ulipolala. Ni mimi Swedi, mwanao wa kwanza, fundi wa magari wa Bwiza, yule uliyemkataza kugusa mboga zako kwa sababu vidole vyake vinanuka mazuti, mafuta ya magari. Siku hizi vinanuka samadi. Cheka tu, nimeshazoea kuchekwa.

Nakuandikia kukupa habari za shamba lako la ufukweni, na kukuomba radhi kwa neno moja nililolisikia vibaya.

Unaikumbuka wiki ile. Ziwa lilikuwa ndiyo kwanza limerudi nyuma baada ya kulifunika shamba miezi mingi. Mke wangu Hadija alikuwa na siku tatu tu tangu ajifungue. Na wewe ulikuwa kitandani, sauti imebaki kidogo. Ulinishika mkono ukasema: "Swedi, muchanga, apana haraka. Arobaini." Nikakujibu, ndiyo Mama. Nilijua unamsema mjukuu wako. Nani asingejua hivyo? Mtoto mchanga analia chumba cha pili, bibi yake anausia asitolewe nje kabla ya siku arobaini. Kesho yake ukatuacha.

Basi wosia niliushika. Mtoto tumempa jina lako, Amina, na hakuvuka kizingiti. Shangazi zake walitaka kumpeleka Cibitoke akaonekane kwa jamaa, nikasimama mlangoni kama askari. Walininunia wiki nzima.

Lakini shamba, Mama. Shamba nililivamia hata wiki mbili hazijatimia.

Tena niliona nina sababu. Salvatori, mkubwa wa wakulima wa ufukweni, alikuja kunipa pole ya msiba, na kabla hajaondoka akanikumbusha sheria yao: shamba likikaa bila jani baada ya ziwa kurudi, anapewa mwingine. Huyo mwingine nilimjua. Ni tajiri mwenye kamyo la mizigo, anayechimba mchanga wa kujengea. Mashamba mawili ya jirani amekwisha kuyachimba, yamebaki mashimo ya vyura. Nilipofikiria kwamba ardhi iliyotulisha sisi watano baada ya Baba kufa itageuka shimo, niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuijua.

Nikafanya kama fundi. Gari limekauka, jaza tanki. Nilimwaga samadi yote siku moja, nikapanda vitunguu kwa sababu ndivyo ulivyojivunia mbele za watu, nikavimwagilia maji ya ziwa asubuhi na jioni. Baada ya siku chache ncha zikaungua. Juu ya ardhi kukatoka ukoko mweupe wa chumvi, utafikiri kuna mtu amemwaga unga wa muhogo. Vitunguu vikafa vyote. Nilikaa chini palepale nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Mama Furaha ndiye aliyenikuta. Yule rafiki yako wa Uvira hajaacha kulima shamba lake pembeni ya lako, na hajaacha kusema kwa sauti kubwa. Alitazama vitunguu, akanitazama mimi. "We Swedi! Mutoto muchanga, unamulisha bugali?"

Nikamwambia mtoto yuko nyumbani, ananyonya vizuri.

"Apana ule! Hii!" Akapiga mguu chini. "Mama yako alikuwa anaita hii udongo muchanga. Ziwa ikitoka, udongo inazaliwa upya. Unaiosha, unaifunika, unangojea siku makumi ine."

Mama, nilikaa karibu yako miaka yote hii nikidhani mchanga ni mchanga tu, kumbe kwako ardhi hii ilikuwa ikinyonyeshwa. Ulikuwa unalisema shamba. Au ulitusema wote wawili kwa neno moja, maana nakujua, hukupenda kupoteza pumzi. Nisamehe.

Nikaanza upya. Mama Furaha alinionyesha ulivyokuwa ukifanya: mifereji midogo ya kushusha chumvi, maji ya kijito na si ya ziwa, halafu majani makavu juu ili jua lisiivute chumvi ipande tena. Na kulamba. Tulipokuwa watoto tuliona haya ulipoinama mbele za watu ukaweka udongo kwenye ncha ya ulimi, ukatema, ukasema, "Bado iko munyu." Sasa nalamba mimi. Kila nilipolamba, munyu uleule, chumvi tupu. Wiki ya kwanza chumvi, ya pili chumvi, nikaanza kukata tamaa, mpaka Mama Furaha akaniita: "Swedi, pangusa macho kwanza. Unalamba machozi yako." Alisema kweli. Tangu siku ile nilinawa uso kabla ya kulamba.

Salvatori akaja, na mwenye kamyo nyuma yake. Ardhi tupu, majani makavu tu. "Jani iko wapi?" akauliza. Zamani ningepiga kelele. Safari hii nilichota udongo, nikaugawa mara mbili, nikawanyoshea mikono: lambeni. Mwenye kamyo akarudi nyuma akijifuta suruali. Salvatori akalamba. Akatema, akafikiri, akalamba tena. "Inaanza kupoa," akasema. Halafu akamgeukia yule tajiri: "Huyu ni mutoto wa Amina kweli. Mumuache amalize siku zake." Kamyo likaondoka tupu, nami nikalisindikiza kwa macho mpaka barabarani.

Siku ya arobaini nilisia mbegu. Si vitunguu. Lengalenga, mchicha mlaini, kwa sababu mtoto huanza na uji. Zikaota zote, Mama, hata pembezoni ambapo hukuwa unapaamini.

Jana tumechuma mara ya kwanza. Hadija akapika, nikawaalika Salvatori na Mama Furaha, na Amina mdogo akapakatwa na kila mtu. Mama Furaha akaonja kwanza, akatafuna taratibu, wote tukimtazama. Akaweka kijiko chini.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini inakosa munyu."

Tulicheka mpaka mtoto akashtuka. Mimi nilitoka uani kidogo, nikanawa uso. Unajua kwa nini.

Ziwa litarudi, Mama, sijidanganyi. Likija nitaliachia shamba, na likiondoka nitahesabu siku arobaini kabla ya kuingiza hata mbegu moja. Nakuahidi. Na Amina akiota meno nitamfundisha kulamba udongo, mama yake apende asipende.

Lala salama. Wachanga wako wote wawili wazima.

Mwanao,
Swedi