Vidonge Nilivyomtumia Mama

Jumatatu, 9 Juni
Zege tangu asubuhi, Mbweni. Mabega yanawaka. Jioni nimepitia duka la dawa hapa Manzese, nikachukua vidonge vya presha vya Mama, nikavipeleka kwenye basi la Tabora. Natuma tangu zahanati ya kule ilipoishiwa dawa. Kondakta kaniita daktari. Nimecheka.

Alhamisi, 12 Juni
Mzigo umefika. Mama hana simu, tunaongea kwa simu ya jirani, Mama Kulwa. Mama anasema miguu imevimba, kichwa kinazunguka. Nikamwambia asiache dawa hata siku moja. Akasema haachi.

Jumapili, 15 Juni
Mama kaanguka akitoka jikoni. Hajavunjika, ila akisimama anaona giza. Nimemwambia Mama Kulwa ampeleke zahanati. Sikwenda kanisani. Nimekaa kitandani na simu mkononi. Nimechoka kuwa mbali.

Jumatatu, 16 Juni
Nesi kanieleza kwa simu. Dawa zilisharudi zahanati zamani. Mama anameza hizo, na zangu juu yake. Boksi tofauti, jina tofauti, ndani dawa ileile. Presha imeshuka mno. Mie niliishia darasa la tano. Sikujua dawa moja inaweza kuwa na majina mawili.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia, kwa nini anameza zote. Akajibu taratibu:

"Za zahanati nameza kwa ajili ya presha, baba. Zako nameza kwa sababu zimetoka kwako."

Msimamizi akaniita, zege linakauka.

Alhamisi, 19 Juni
Nesi anataka zangu zipelekwe kwake. Mama kazificha. Mama Kulwa kabembeleza mpaka kachoka. Nikamsihi. Hasikii. Mwisho nikafoka. Nimemfokea mama yangu, mgonjwa, mbele ya jirani. Akamrudishia Mama Kulwa simu.

Hata akikubali, nani atamwona asubuhi anameza nini? Mie niko huku nabeba ndoo.

Jumapili, 22 Juni
Mama kampelekea nesi vidonge vyangu vyote, mwenyewe, kwa miguu ile iliyovimba. Mama Kulwa ndiye kaniambia. Kizunguzungu kinapungua.

Nimempigia. Hakutaja dawa. Kaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Halafu nikamsikiliza anavyopumua, mpaka salio likaisha.