Siku ya Tisa Hapokei Simu

Mpwa wangu mpenzi,

Huku ugenini ninakosomea uchungaji huku nikihudumia waumini, nikikohoa tu, kanisa zima linaitikia amina. Maprofesa wananiogopa. Kiyunani nakinywa kama maji, ingawa mtihani wake nimeurudia mara tatu. Asubuhi niko darasani, mchana nazika, jioni nasuluhisha ndoa za watu.

Lakini nakusihi, nenda nyumbani kwangu leo hii. Siku ya tisa sasa mke wangu hapokei simu zangu. Mwambie chuo nitakiacha, nirudi. Mpigie magoti kwa niaba yangu.

Atakuuliza kama nimekueleza kosa langu. Haya, nakueleza. Alinipigia akilia, nami, kichwa kimejaa shida za waumini, nikamjibu: “Pole sana, mama. Jina lako nani, na unasali wapi?”

Mjomba wako, niliyeishiwa maneno.