Dua ya Bi Mwanaidi

Bagamoyo, Jumanne usiku

Kumbe wananionea huruma. Tangu nije na kompyuta yangu kutoka Dodoma, nimekuwa nikidhani Bi Mwanaidi, mwenye nyumba, ananiletea chakula kwa sababu mimi ni mgeni.

Leo nilikuwa kwenye kikao cha kazi mtandaoni, juu blauzi ya heshima, chini khanga, alipopiga hodi na sahani ya mihogo ya nazi. Nikazima kamera, nikaenda kuipokea.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Jana tumekusomea dua. Mungu atakufungulia kazi nyingine."

Nikamweleza kwamba kazi ninayo: natafsiri nyaraka za kampuni ya nje, na hicho chumba ndiyo ofisi yangu. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Inshallah."

Huku, mtu mzima wa miaka hamsini na sita anayeshinda ndani kutwa, basi hana kazi, au anaumwa. Niliudhika, sikatai. Mimi, ambaye sijawahi kuchelewesha kazi hata...

Nikarudi kwenye kikao. Bosi alikuwa anatushukuru. Watafsiri wote. Kuanzia mwezi ujao nyaraka zitatafsiriwa na mashine.

Nilikuwa nimepanga kuongeza miezi mitatu hapa. Sasa sijui.

Mihogo nimeila yote. Kesho nikirudisha sahani sitamsahihisha tena Bi Mwanaidi. Nitamuuliza kama ile dua inaweza kurudiwa.