Jina Langu Kwenye Karatasi ya Mama Mchungaji

Nyumba Na. 1187,
Mlungisi, Komani,
Afrika Kusini.
Jumanne, 11 Julai

Mpendwa mdogo wangu Luxolo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu kwenye baridi. Hujambo huko Perth? Wifi hajambo, na watoto? Ulisema kifua kinakusumbua. Umekwenda kwa daktari, au bado unajitibu kwa chai ya tangawizi kama marehemu baba? Mimi magoti yananiuma asubuhi, ikifika mchana yananisamehe.

Mpwa wako Asakhe anaendelea. Taya limeunga, ila chakula kigumu bado, anakula uji na supu. Jicho la kushoto halitaona tena. Daktari ametuambia tusingoje. Kucheka ameanza tena, lakini nje ya geti hatoki.

Polisi wameandika kwenye faili kwamba ulikuwa ugomvi wa kilabuni. Kilabu gani? Mtoto alikuwa anatoka kazini. Wale vijana watatu walimwita kwa jina, wakamwambia mwanamke anayependa wanawake watamfundisha adabu. Maneno hayo aliyaeleza kituoni mara mbili, na faili halina hata moja.

Sasa nije kwenye lile uliloniandikia kwa huzuni, kwamba nimeliaibisha kanisa na kwamba niombe radhi yaishe. Luxolo, siombi radhi. Kaa kitako nikueleze ilivyokuwa.

Unajua bunge linajadili muswada wa uhalifu wa chuki: mtu akipigwa kwa sababu ya rangi yake, au alikotoka, au anayempenda, mahakama iitazame sababu hiyo na adhabu iongezeke. Mchungaji wetu anaupinga. Anasema kile kipengele cha matamshi ya chuki kitawapeleka wahubiri jela. Hata Asakhe mwenyewe haupendi sana. Aliniambia, "Mama, sheria ya kukataza kupiga watu si ipo? Polisi wa hapa hata gari la kuja hawana!" Tulibishana mpaka maharage yakaungua. Nikamwambia, sheria ya kuwalazimisha waandike kwa nini ulipigwa hatuna, na mimi naitaka.

Lakini kosa nililifanya mimi. Alhamisi moja tulikuwa kwenye manyano, umoja wetu wa akina mama, tunaimba, Mama Mchungaji akapitisha karatasi. Wewe umekulia chini ya mabenchi yale, unajua. Karatasi ikipita wakati wa wimbo, husomi. Kusoma ni kumshuku kiongozi. Unaandika, unampa jirani, unaendelea na sauti ya pili. Nilidhani ni orodha ya basi la kwenda kwenye kongamano.

Jumapili Mchungaji akatangaza majina mia mbili ya wanaoupinga muswada, "na hata MaRhadebe, ambaye binti yake aliumizwa, ameweka sahihi." Watu wakaitikia amina, wakanigeukia. Habari zilimfikia Asakhe kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kumbe, Mama?" Afadhali angenirushia sufuria.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Mchungaji nikamwomba anifute. Akanimiminia chai. "Dada yangu," akasema, "karatasi zimeshakwenda. Tena jina lako ndilo lililotupa nguvu." Chai yake sikuinywa.

Wabunge walipokuja ukumbini kusikiliza wananchi, manyano walikwenda kwa basi, wote ndani ya sare. Mimi nilikwenda kwa miguu, nami ndani ya sare: blauzi ya buluu, kola nyeupe, kofia, beji kifuani. Nikapanga foleni ya kipaza sauti. Mama Mchungaji akanivuta mkono.

"MaRhadebe, hiyo blauzi ni ya maombi. Kama unakwenda kusema upuuzi wako, ivue kwanza."

"Njoo unifungue vifungo mwenyewe, mama. Wabunge wanaangalia."

Jirani yangu Nophumzile, unamjua mdomo wake, akadakia kutoka nyuma: "Na ndani hajavaa kitu, ee! Leo tutaona maajabu!" Ukumbi ukaangua kicheko, hata askari wa mlangoni akageukia ukutani. Mkono wangu ukaachiwa.

Walinipa dakika tatu. Nilisema jina langu liko kwenye karatasi ya wanaopinga, nililiweka bila kusoma, na leo naliondoa mbele ya watu wote. Nikasema mchungaji wangu anaogopa jela, na mimi sitaki afungwe. Mwandikieni kinga yake humo mpaka apate usingizi. Lakini binti yangu alipigwa kwa tofali, na waliolishika walisema kwa nini. Andikeni kwa nini. Kengele ikalia, sikuondoka. Nilirudia hayo hayo mpaka mwenyekiti akasema, "Mama, tumeandika." Nikamwambia anionyeshe. Akanionyesha.

Baraza la kanisa limenitaka nirudishe blauzi. Nimewaambia iko kwenye kamba, waje waianue wenyewe. Hawajaja. Alhamisi niliivaa nikaketi kwenye benchi langu. Wawili walihama, Nophumzile akasogea karibu. Nimeumia, siwezi kukuficha. Miaka thelathini na moja nimeomba na wanawake wale, na niliwazika mama zao. Lakini sihami.

Msalimie sana wifi, na uwabusu Lwandle na mdogo wake. Shangazi Nobantu anakusalimu, anasema umemsahau. Nophumzile naye anakusalimu, ila salamu zake haziandikiki.

Limebaki jambo moja, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ukumbini karani wa bunge aliniletea orodha nilikate jina langu mwenyewe. Nikalikata. Chini yake nikaona jina lako, Luxolo, kwa mwandiko wangu. Mkono ulikwenda wenyewe, kama tunavyofanya kwenye kila orodha ya kanisa, tunawaandika waliopo na walio mbali ili mtu asisahauliwe. Nilitaka kulikata nalo, karani akanizuia. Alisema anayeweza kulitoa ni mwenyewe, kwa barua, kabla mwezi huu haujaisha. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Niliporudi, Asakhe aliniuliza kama kuna mwingine wa kwetu kwenye orodha ile. Nilimwambia hakuna, mjomba wako hawezi.

Mungu akuponye kifua, na asinifanye mimi mwongo kwa mtoto wangu.

Akupendaye hata ukikasirika,
dada yako,
Nontsapho