Mbuzi Waliorudi kwa Pikapu

Mbooni
11 Machi 2024

Kwa binti yangu Mutanu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na magoti yangu si habari tena. Natumaini wewe, Njogu na watoto hamjambo huko Kambu. Naandika kwa sababu simu siiwezi. Nikisikia sauti yako nitaanza kulia na salio liishe bure.

Siku ya kumzika baba yako nilikuona umesimama nyuma karibu na lango, wewe na mume wako. Mkaondoka kabla ya chakula. Sikuuliza siku ile na siulizi sasa.

Shida yangu ni hii. Januari tutafanya ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba, na pasta anataka historia ya marehemu ichapishwe. Mdogo wako Mulinge ameandika ukurasa mzima kutoka Kitui: injinia wa vyuma miaka thelathini na mmoja kule Athi River, mzee wa kanisa, mtu wa familia. Ni maneno mazuri, hata niliposoma nilijiuliza huyu ni nani. Lakini tulipofika kwenye watoto na wakwe, Ndolo, ndugu ya baba yako, akakataa. Anasema mbuzi wa ntheo, wanaomfanya binti awe mke wa mtu, hawakupokelewa, kwa hiyo Njogu si mkwe, nawe uandikwe binti ambaye hajaolewa. Nikamuuliza, na watoto wake je? Akaomba chai.

Niandikie jambo lolote la baba yako, nipate pa kuanzia ubishi. Nimechoka, lakini kubishana bado naweza.

Mama yako


Kambu
2 Aprili 2024

Mwaitu,

Habari za siku nyingi? Sisi tuko salama. Jua ni kali, malori ni mengi, na kihoteli chetu kinatulisha. Pole na magoti.

Unataka jambo? Haya. Alikuwa akija mwisho wa mwezi na shati lenye matundu ya cheche, na kabla hajavua viatu anataka kuona daftari yangu ya hesabu. Hakuwahi kunichapa. Alipiga mstari kwa penseli chini ya kosa, kisha akangoja nilione mwenyewe. Nilimpenda mno baba huyo.

Halafu ikaja Julai 2012, na wewe ulikuwepo. Njogu alileta wazee wake na mbuzi watatu kama mila yetu inavyotaka. Ndolo akamuuliza Baba, "Muindi, hawa athoni, wakwe zetu, wamekuja na mbuzi. Tupokee?" Akauliza mara ya pili. Baba akaangalia magoti yake. Wazee wakasema mwenye nyumba akinyamaza amekataa. Mbuzi wakarudishwa kwa pikapu majirani wakitazama. Mzee Kinyanjui, ndugu ya baba mkwe wangu, akaapa kwamba hatapanda tena milima ya Mbooni. Nami nikaingia kwenye pikapu hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata nilijifungua, nikampigia simu. Nikamwambia, "Baba, una mjukuu." Akasema, "Haya, haya, salimia watu," akakata.

Basi andikeni mnavyotaka. Binti asiyeolewa ana faida yake, hapikii wakwe.

Mutanu, bintiyo


Mbooni
16 Juni 2024

Mwanangu,

U hali gani? Watoto je? Nimeianza barua hii mara nne na mara nne nimeiacha.

Mulinge alitaka miaka kamili ya kazi ya baba yako, ndipo nikafungua sanduku lake la bati. Chini ya vyeti nikakuta karatasi ya hospitali ya mwaka 2009. Nimemwomba nesi wa zahanati anisomee Kiingereza cha daktari, kisha nikamwomba asome tena. Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilibaki robo. Daktari aliandika kwamba kelele za mashine za nondo ndizo zilizofanya hivyo, na kwamba aondolewe pale.

Hakuondoka. Injinia wa zamu asiyesikia mashine ikibadilisha mlio hawezi kuachwa nayo, na wewe ulikuwa chuoni, Mulinge naye sekondari. Nafikiri alificha kwa ajili yenu, halafu alipostaafu akawa amezoea kuficha. Alikuwa akisoma midomo, Mutanu. Miaka yote nililala kando yake, nikasema ana maringo ya injinia. Kanisani aliimba mstari mmoja nyuma ya wengine, tukamcheka.

Siku ya mbuzi, Ndolo alikuwa ameketi kushoto kwake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jioni ile, mlipokwisha kwenda, alinifuata jikoni akaniuliza, "Mama Mulinge, mbona wageni wameondoka na mbuzi wao? Tumewakosea nini?" Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilikuwa nasugua sufuria, nikampa mgongo, nikasema, "Jiulize mwenyewe." Nilimpa mgongo. Hata hilo hakulisikia.

Alikufa akiamini kwamba athoni ndio waliotudharau, na wewe ukawachagua wao. Hakukukataa. Mimi ndiye niliyekuwa na masikio katika nyumba ile, na sikuuliza swali hata moja. Nisamehe.

Nimeifunga nakala ya karatasi hiyo humu.

Mama yako


Mbooni
8 Septemba 2024

Mutanu,

Hamjambo? Miezi imekuwa mitatu sasa. Mwenye lori la avokado anayetubebea barua anasema ile ya Juni aliifikisha mkononi mwako, kwa hiyo sitamlaumu.

Nilimsomea Ndolo ile karatasi. Akasema, "Nilimuuliza mara mbili tu. Ningeuliza ya tatu ningekuwa nimepoteza nini?" Anasema ntheo haiozi, mbuzi wakiletwa hata sasa wazee watakaa. Lakini hawezi kuandika mkwe asiyekuwepo.

Msipokuja sitakasirika. Sina nguvu ya kukasirika. Ila nijue, nimwambie Mulinge apeleke kazi kwa mchapishaji.

Mama yako


Kambu
20 Oktoba 2024

Mwaitu wangu,

Naomba radhi kwa kukaa kimya. Sisi ni wazima, na natumaini magoti yamekupa nafasi.

Nilikasirika na wewe mwezi mzima. Halafu nikajikasirikia mimi. Nilikuwa mkubwa, nina miguu, na kutoka hapa hadi kwenu ni safari ya siku moja. Zaidi ya miaka kumi sikwenda kumtazama usoni na kumuuliza. Ningemwuliza usoni angenijibu, Mwaitu, angesoma midomo yangu. Hapo ndipo ninapochoka kabisa.

Njogu aliisoma ile karatasi, akaikunja, akatoka. Jumatatu alikuwa sokoni Kathonzweni akitafuta mbuzi. Tutakuja Jumamosi tarehe 7 Desemba. Mzee Kinyanjui atapanda milima, ila ametoa sharti: safari hii anataka jibu lisikike, tena kutoka kwa mwenye nyumba, si kwa Ndolo. Mwenye nyumba ni wewe.

Tutaleta watoto wote wawili. Mkubwa ni Rahab, jina la mama mkwe. Mdogo ana miaka minane. Mila ya kina Njogu inampa jina la mama yangu. Nilikataa, yeye akasisitiza. Anaitwa Kalondu.

Bintiyo


Mbooni
9 Desemba 2024

Binti yangu Mutanu,

Natumaini mlifika salama na Mzee Kinyanjui amepumzisha mgongo. Mwambie kwamba Ndolo amemsifu sana kwa kupanda ile njia na fimbo.

Wewe ulikuwa jikoni, hukuona uso wa Ndolo pasta alipoanza kuomba na mbuzi mmoja akaingia katikati ya wazee. Lakini nilisikia ukilia niliposema, "Tumewapokea." Ndolo alikuwa amenikanya kwamba mwanamke hawajibu athoni. Nikamwambia wanaume walijibu mwaka 2012 na tuliona.

Mulinge amepeleka ukurasa kwa mchapishaji leo asubuhi. Mmeandikwa wewe na mume wako, na wajukuu Rahab na Kalondu. Pale kwenye kazi ya baba yako niliongeza mstari mmoja, kwamba vyuma vilichukua masikio yake naye hakumwambia mtu, ili watoto wake wasome. Mulinge alisema si neno la kuchapisha. Nikamwambia ndilo la pekee lililo langu.

Gari lenu lilipopotea konani nilikwenda kaburini. Nilisimama upande wa kulia. Nikamwambia polepole kwanza, kisha nikakumbuka ni nani ninayeongea naye, nikapiga kelele, "Muindi! Mbuzi wamekuja! Hawakutudharau! Mutanu amekuja!" Nilirudia mpaka koo likakauka. Jirani yetu Kanyiva alikuja mbio na panga akidhani ni mwizi. Nikamwambia arudi nyumbani, nazungumza na bwana wangu.

Mama yako