Filtre Zenye Hazina Feza

Jumatatu, 6 octobre 2025

Feza, ile madini nyeupe, bado iko ku mupaka, ku Aru. Douane inaikatala, eti karatasi moja inakosa. Bila ile feza hatutengeneze nano, vumbi yake ndogo sana yenye kuua microbe, na bila nano filtre yetu ya maji ni chungu tu cha udongo. Myaka tatu ya recherche! Na mukubwa wangu, Fabien, ameisha kuahidi filtre mia ine ku kambi ya badéplacés, batu benye balikimbia vita. Mia mbili njo ziko tayari.

Jumatano, 8 octobre

Fabien anasema tupeleke zote. Mia mbili iko na feza, mia mbili hapana.

– Espérance, nano haionekane na macho. Nani atajua?

Nikamwambia: microbe itajua. Akacheka. Kisha akaleta bordereau, karatasi yenye kusema zote mia ine ni muzuri, na nikatia signature, camion ikaenda. Juu ya nini? Sijue. Hapana, najua. Niliogopa atafunga atelier.

Jumatatu, 13 octobre

Nilipima maji ya filtre moja yenye haina feza, yenye ilibakia ku atelier. Boîte ya kupimia imejaa microbe.

Alhamisi, 16 octobre

Infirmier wa kambi alipiga simu. Batoto bane banahara sana. Mumoja ni mujukuu wa Mama Léontine, présidente wa bamama. Mutu wa Djugu, alikimbia vita na sufuria moja tu. Yeye njo alikuwa wa kwanza kukubali filtre yetu, wakati bengine balisema ni sumu.

Nikaingia kwa Fabien. Anasema pengine ni mikono michafu, pengine ni choo. Pengine! Na mimi siwezi kuhakikisha kama si vile. Ile njo inaniua.

Jumamosi, 18 octobre

Niko kambini. Nimemwambia Mama Léontine yote, na signature yangu pia. Nilifikiri atanipiga. Ingekuwa afazali.

– Basi, binti yangu, tuonyeshe zile mubaya.

Mungu wangu. Siwezi! Balizichanganya mu camion, hakuna mutu aliweka alama. Udongo moja, rangi moja. Kupima filtre moja ni siku nzima, na nimebakia na boîte tisa.

Nikasema bapike maji kwanza.

– Na kuni gani? Kuni iko porini, na porini batu ya bunduki banatuua. Unajua.

Najua.

Nikasema basi tukamate zote, turudishe. Akakatala. Mutoni maji iko mubaya zaidi, anasema, na nusu ya hizi ni muzuri, weye mwenyewe umesema.

Mujukuu wake bado iko ku perfusion, maji inaingia mu mushipa. Hakunitukana hata kidogo.

Sasa naandika nyuma ya tenti ya komite, nimekaa chini. Habari imetembea. Bamama banakuja na filtre ku kichwa, mustari unafika barabarani. Banafikiri nimekuja na mashine.

Wa mbele, mwenye mimba, ameweka yake hapa ku miguu yangu. Ameisha kuipangusa na kitambaa, inang'aa.

– Angalia tu kidogo, madame. Hii yangu iko muzuri?

Ananitazama. Naendelea kuandika, ili nisimujibu.