Babu, Aliyekusomea Ndiye Aliyeandika

Babu,

Shikamoo. Nimeandika hilo neno moja halafu nimekaa nasubiri marahaba yako, ile ndefu ya kuvuta, ambayo Mama alikuwa anasema mtu anaweza kwenda kuchota maji akarudi bado hujaimaliza. Sijaisikia. Basi naendelea.

Nimekaa kwenye kigoda chako, mlangoni kwa jiko. Leo kilele cha Kibo kimefunguka chote. Ningekuwa nimeshakwambia, kama nilivyokuwa nakwambia kila asubuhi tangu macho yako yaingie ukungu: "Babu, mlima uko wazi." Nawe ungeuliza, "Theluji imebaki?" Nami ningesema imebaki, hata siku ambazo sikuona vizuri. Ule ulikuwa uongo mdogo. Leo nimekuja na ule mkubwa.

Lakini kwanza habari za nyumbani, maana ulichukia mtu anayeanza na shida. Ng'ombe wetu Bahati amezaa ndama jike, ana baka jeupe puani kama amechovya kwenye maziwa. Mama amefunga kibanda chake cha Bomang'ombe, anakaa na mimi huku juu, na bado anasahau, anapika mtori wa watu watatu. Bakuli la tatu tunalitazama tu. Kule ulikolala, nyuma ya migomba, masale tuliyopanda siku ya kukuzika yameshika yote. Redio yako iko palepale dirishani. Nimetoa betri. Siwezi kusikiliza habari bila mtu wa kubishana nazo.

Babu, unakumbuka tulivyokuwa tunasoma? Mimi na simu yangu yenye ufa, wewe na blanketi magotini. Nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, nakupa kwa Kiswahili. Ulikuwa unamwambia kila mgeni, "Kahawa yangu yote ilikwenda shule ya masista ili nije kusomewa magazeti." Nilikuwa naona aibu, najificha nyuma ya mlango. Leo ningependa mgeni aje, uniseme tena.

Zile habari za makampuni ya mitandao ndizo ulizipenda kuliko zote. Kwamba wakubwa wao wameitwa wakahojiwa, kwamba wanajitetea, wao ni jukwaa tu, wanaoandika ni watu. Nilipokutafsiria "jukwaa" ulinisimamisha. "Jukwaa la nani? Jukwaa halioti kama uyoga. Yuko aliyelipigilia misumari." Na Mjomba Felisi, akija Jumapili kutoka kule chini kwenye mashamba ya miwa, anakuchokoza makusudi: "Mzee, kila mtu abebe mdomo wake. Mtu akikutukana kwa simu utashitaki mnara?" Wewe ukamjibu, "Mnara hauchagui, Felisi. Mnara haukimbii na tusi ukaacha salamu njiani." Mjomba akacheka mpaka akamwaga mbege.

Lakini hukutaka watu wafungwe midomo. Hilo ulilisema kila mara. Mwenyekiti fulani wa mfongo, huu mfereji wetu wa maji, zamani alikataza watu kunung'unikia zamu za maji, ukasema mwaka ule ndio watu walichukiana kuliko miaka yote. "Mtu aseme," ulisema. "Aseme hata upuuzi. Ila asimame." Kwa sababu kwenye kikao cha mfongo ndivyo ilivyo mpaka leo. Tukimaliza msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, watu wanakaa kwenye majani, na mwenye neno anasimama, anavua kofia, anataja jina lake na nyumba anayotoka. Hapo ndipo anasema. Ukisema umekaa, hakuna anayekusikia, hata kama umepiga kelele.

Mimi sijawahi kusimama. Unanijua. Darasani nikiulizwa jina langu natazama kalamu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka siku Mama Jose wa kituo cha kukusanyia maziwa alipoyakataa yetu? Nilikwambia kituo kilikuwa kimejaa. Hakikuwa kimejaa. Alitumbukiza kile kipimo chake cha kioo kinachoelea, kikazama. Yana maji. Akanitazama juu ya miwani, akasema mbele ya watu wote waliopanga foleni, "Manka, mwambie babu yako haya maziwa yameogelea." Hakusema kwa ubaya. Lakini kijana mmoja wa nyuma akadakia, "Manka amekamua mfongo!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Babu, kile kicheko. Nilikisikia mpaka kwenye meno.

Na kosa lilikuwa langu. Asubuhi ile nilisuuza ndoo, nikawa naitazama simu, nikakamua juu ya maji ambayo sikuyamwaga. Nilijua kabla sijafika njiani. Ningesema tu, "Mama Jose, nisamehe, nilisahau kumwaga maji." Ni sentensi moja. Ninaiweza kwa lugha mbili. Hakuna hata moja iliyotoka.

Nikaondoka na ndoo yangu, nikasimama kwenye njia ya juu, pale migomba inapotazama ua wa kituo. Nikamwona Mama Jose anamimina maji kwenye keni kubwa. Alikuwa anaisuuza. Babu, nilijua anaisuuza. Kila mtu wa huku mwenye ng'ombe anajua. Nikarekodi sekunde nane, nikakata kabla hajayamwaga. Nikaiweka mtandaoni, nikaandika chini yake, "Sasa mnajua maji yanatoka wapi." Sikuweka jina langu. Nilijiita Kimya wa Mlimani.

Nilifikiri wataiona watu ishirini, wacheke kidogo, tuwe sawasawa. Kesho yake simu iliniletea ujumbe kutoka kwa wenye mtandao: hongera, video yako inafanya vizuri, endelea hivyohivyo. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hongera kwa kusema. Naona aibu kukwambia hili kuliko yote: nilifurahi.

Ukurasa mkubwa wa Dar ukaichukua, ukaiwekea muziki na mtu anayecheka, na chini yake tangazo la kubeti. Watu wasiojua hata Kibosho kwetu iko upande gani wakaanza kumtukana Mama Jose. Mwizi. Mchawi wa maziwa. Wakinamama wakaacha kupeleka. Mtu akaenda akamwekea ndoo ya maji machafu mlangoni, ameandika kwa mkaa, "Maziwa freshi." Jose akaitwa Maji shuleni, mtoto wa darasa la nne. Wiki ya pili kituo kikafungwa.

Na wewe ukasikia kwa watu, ukaniambia, "Manka, nisomee wanasema nini."

Nikakusomea. Nilikaa hapahapa, nikakusomea maneno ya watu, na ya kwanza kabisa nikakusomea yangu. "Sasa mnajua maji yanatoka wapi." Nilibadilisha sauti kidogo, kama nasoma ya mtu mwingine. Halafu ukasema, "Huyu aliyeanza, hana mtu wa kumfundisha?"

Ninaye, Babu. Nilikuwa naye, ameshika fimbo, amejifunika blanketi, ananisubiri niendelee.

Siku ile nilijaribu kuzuia. Nilifuta ile yangu, lakini zile nyingine zilikuwa zimeshatoka mkononi. Nikawaandikia wenye mtandao. Wana fomu, unachagua sababu ya kulalamika kwenye orodha. Nilishuka orodha yote nikitafuta sababu inayosema: ni uongo, na niliyeusema ni mimi. Haikuwepo. Nikachagua iliyokaribia. Wakanijibu kwa Kiingereza kizuri sana, kisicho na mtu ndani yake, kwamba wamepitia na video haikiuki taratibu zao. Nikakumbuka swali lako kwa Mjomba, siku ile mliyobishana mpaka ukakohoa: "Huyo mwenye jukwaa, akinikosea, anajua kuniletea isale la kuomba msamaha? Na mimi nikitaka kumpelekea, nyumba yake iko wapi?"

Ulipobanwa na pumzi na tukakushusha hospitali mjini, nilikuwa nimeshaapa nitakwambia. Nilikuja na uji. Ukanishika mkono, ukauliza, "Yule mama wa maziwa, wameshamwacha?" Nikasema bado. Ukasema, "Nikitoka hapa nitasimama kikaoni. Nitawaambia ninamjua."

Nikasema, "Sawa, Babu."

Hivyo tu. Sawa, Babu. Kesho yake kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Siku ya mazishi Mama Jose alikuja. Alibeba mkungu wa ndizi kichwani, akapita katikati ya watu waliokuwa wanamsema, akalia kwa sauti kuliko sisi wenyewe. Alikuwa anamlilia mtu wa pekee aliyekuwa akimtetea. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na bado nikanyamaza.

Baada ya kuanua tanga nilikaa mwezi mzima bila kuandika chochote popote. Halafu asubuhi moja ya Jumatatu nilikata jani la isale. Sikukata kwenye masale yako, nilikata kule mpakani uliponionyesha nikiwa mdogo, ukaniambia mtu akikuletea jani hili huwezi kumkataa, hata kama amekuumiza vipi. Nikalishika mikono miwili mpaka kwa Mama Jose. Alikuwa anafua. Nilimwambia yote, natazama povu. Sijui nilisema nini na nini. Alikausha mikono kwenye kanga taratibu mno, akalipokea jani. Kisha akasema, "Isale nimelipokea, mwanangu. Lakini mimi sikuangushwa hapa karoni. Niliangushwa mbele za watu. Nenda kaniinue hukohuko."

Jumamosi ilikuwa msaragambo. Nilichimba tope mpaka viganja vikatoka malengelenge, nikiomba mvua inyeshe kikao kivunjike. Haikunyesha. Mwenyekiti akauliza nani ana neno. Babu, nilisimama. Sikuwa na kofia ya kuvua, nikavua kitambaa cha kichwani. Nikasema, "Naitwa Manka. Natoka nyumba ya Mzee Raimondi." Wakapiga kelele, "Sauti!" Nikarudia. Na nikasema yote, na ndoo yangu, na sekunde nane, na jina la uongo. Sauti ikakatika mara mbili, nikaisubiri irudi.

Yuleyule kijana wa foleni akadakia, "Kumbe kweli ulikamua mfongo!" Wakacheka. Lakini Mama Jose akainuka: "Mwacheni. Amesimama." Halafu akawageukia: "Na nyinyi mlioirusha huku na huku, nani mwingine ana miguu?" Watu wakatazama majembe yao. Maji ya mfongo yakasikika. Mwishowe nani aliinuka? Mjomba Felisi wako, aliyekuwa amepanda siku ile kwa ajili ya msaragambo. Akavua kofia, akasema, "Felisi, nyumba hiyohiyo. Mimi niliituma kwenye kundi la kazini. Niliiona inachekesha." Akakaa chini haraka. Wakati wa kurudi aliniambia, "Mzee angeniua kwa mabishano leo." Tukalia njiani, mjomba na mpwa, na majembe mabegani.

Kituo kimefunguliwa wiki iliyopita. Si wote waliorudi. Jose bado kuna wanaomwita Maji. Mimi napeleka maziwa kila asubuhi, na nikimaliza nasuuza keni pale uani, mbele ya wote, namwaga maji wakiona. Nimetengeneza video nyingine pia, ya uso wangu na jina langu, naeleza ukweli kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Haijafikisha watu thelathini. Ile ya uongo ilipewa mabawa, hii imeachwa itembee kwa miguu. Hapo wewe ungemshinda Mjomba kabisa. Lakini ukishamshinda ungenigeukia mimi, najua, na ungeniuliza aliyekamua ni nani.

Ni mimi, Babu. Wao waliibeba, na hawana nyumba ninayoijua ya kwenda kuwadai hilo. Mimi ninayo nyumba. Ni yako.

Nimekukumbuka mno. Nikisoma habari bado natafsiri kwa sauti kabla sijakumbuka hakuna anayenisikiliza. Theluji imebaki kidogo, Babu. Safari hii nimeangalia vizuri.

Nakuahidi hili: neno lolote nitakaloliachia tena duniani, litakuwa na jina langu na nyumba yetu. Na atakayeniuliza habari ya Mama Jose, awe wa huku au wa mbali, nitamjibu kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Pumzika sasa. Jua linaingia kwenye migomba, na nataka nifike kwako kabla halijazama. Barua hii nimeiandika nimekaa. Nitakuja kukusomea nimesimama.

Mjukuu wako,
Manka